Fundi, Weka Hiyo Flashi Chini: Faili Zetu Bado Ziko Hai

Wasee, leo naongea na mafundi wa laptopu, na nyinyi mnaowapelekea. Hii kitu naisema bila kuzunguka mbuyu. Faili nyingi zinazopotea huku Eastlands haziuliwi na ugonjwa wa kompyuta. Zinauliwa na dawa. Na dawa yenyewe ni ile ile, kutoka Kariobangi mpaka Utawala, kutoka Jericho mpaka Komarock: "Hii tupige tu fomati."

Mtu ameleta mashine. Jana usiku amejaribu kuweka Linux kando ya Windows, leo asubuhi haiwaki. Fundi anaiangalia sekunde thelathini, anachomoa flashi ya Windows iliyo kwa mfuko siku zote, anaichomeka, anafuta kila kitu, anaweka upya. Saa moja baadaye mashine inawaka, picha ya milima kwa skrini, fundi anapokea chapaa yake, mteja anashukuru. Na miaka minne ya maisha ya mtu imeenda. Hakuna aliyeiba kitu. Hakuna hata aliyekasirika. Ndiyo maana nimekasirika mimi.

Kwanza tuelewane kwa nini hii maneno imeongezeka sasa. Microsoft walifunga msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inataka prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Sasa angalia laptopu tulizo nazo mtaani. HP EliteBook 840 G3, ThinkPad T460, zile mashine za ofisi za ng'ambo zilizokuja huku mitumba na bado zina nguvu. Hizo ni kizazi cha sita. Kwa mujibu wa karatasi, zimezeeka. Kwa mujibu wa mtu aliyejichanga miezi kadhaa kuinunua, haijazeeka chochote. Kwa hivyo vijana wanaweka Ubuntu, wanaweka Mint, na wanaacha Windows kando juu chuo bado kinataka Excel na printa ya saiba haielewi lugha nyingine. Mimi naunga mkono hiyo hatua asilimia mia. Mashine nzima haitupwi juu ya tangazo la kampuni.

Lakini mifumo miwili kwa diski moja ni kama familia mbili kwa nyumba moja ya chumba kimoja. Inawezekana. Tumeishi hivyo. Ila siku ya kuhamia ndiyo siku vyombo huvunjika.

Sasa twende kwa hoja. Msee akisema "faili zimepotea", mara nyingi anamaanisha "sizioni". Hizo ni vitu viwili tofauti kabisa. Chukua mfano wa ploti. Keateka ana daftari lake: nyumba namba fulani, anaishi fulani. Siku moja daftari linaungua. Je, wapangaji wameenda? Hapana. Wako ndani, wanapika chapati, redio inalia. Ni keateka tu hajui nani yuko wapi. Diski inafanya kazi hivyo hivyo. Kwa diski za mtindo wa zamani wa MBR, orodha nzima ya patisheni nne inakaa kwa baiti 64 mwanzoni mwa diski. Baiti sitini na nne! Jina lako na la babako ukiyaandika kwa SMS yanakaribia nusu ya hapo. Ukiharibu hizo baiti, diski ya gigabaiti 500 inaonekana tupu kabisa, na kumbe karibu kila kitu kimekaa pale pale kilipokuwa. Mtindo mpya wa GPT ni mwerevu zaidi: unaweka daftari la pili mwishoni kabisa mwa diski, likae kama shahidi. Yaani waliounda hii kitu walijua daftari litaungua, wakaacha nakala. Halafu wewe fundi unakuja na petroli unamalizia nyumba.

Kufomati ni kumpa keateka daftari jipya, tupu, na kumwambia nyumba zote ziko wazi. Kuweka Windows juu yake ni kuleta wapangaji wapya na kuwaingiza kwa nyumba zenye watu. Kila gigabaiti ya Windows mpya inayoandikwa inaweza kuwa inaketi juu ya picha za mtoto wa mtu. Hapo sasa ndipo faili zinakufa kweli. Kabla ya hapo zilikuwa zimejificha tu.

Na kama ni SSD, hali ni mbaya zaidi, na hii ndiyo sehemu mafundi wengi hawaitaji. Diski za zamani za kuzunguka ni keateka mvivu: jina limefutwa lakini vyombo vinabaki ndani mpaka mpangaji mwingine aje. SSD ina amri inaitwa TRIM. Hiyo ni oksheni. Ukifomati, mfumo unaiambia SSD kwamba hizo nyumba hazina mtu, na SSD yenyewe inatoa vyombo nje bila kungoja mtu mwingine. Ile fomati ya haraka ya sekunde kumi, inayoonekana haina madhara, kwa SSD inaweza kuwa mwisho wa hadithi. Fundi aliyejifunza kazi enzi za diski za kuzunguka na bado anasema "usijali, tutarudisha baadaye" anakudanganya bila kujua.

Nikupe kisa. Dada mmoja wa Umoja, mwaka wa nne chuoni, aliweka Linux kando ya Windows. Ikaingia poa. Akawasha, ikaenda moja kwa moja kwa Linux, Windows haionekani kwa orodha. Akapanik, akaipeleka kwa fundi. Fundi akasema Windows imeliwa na Linux, dawa ni fomati. Ripoti ya mradi wake, data ya mahojiano, kila kitu kikaenda na maji. Sasa sikiza. Ile programu ya kuchagua mfumo inaitwa GRUB. Tangu toleo la 2.06 la mwaka 2021, waundaji wake walizima kile kipengele cha kutafuta mifumo mingine kwa diski. Kwa hivyo mashine nyingi zinaweza kuwa na Windows nzima, salama, na isitajwe kwa orodha. Dawa ni kubadilisha mstari mmoja kwa faili ya mipangilio na kuamuru GRUB ijipange upya. Lakini hata kama hujui hiyo dawa, huyo dada alikuwa tayari ameingia Linux. Angefungua kabati la faili, angebonyeza ile diski ya Windows upande wa kushoto, na kuna uwezekano mkubwa angeona ripoti yake imekaa hapo inamwangalia. Hakuhitaji fundi. Alihitaji mtu mmoja wa kumwambia tulia.

Na si vijana tu wanaovuruga. Agosti 2024 Microsoft wenyewe walituma sasisho la usalama lililofanya Linux ikatae kuwaka kwa mashine nyingi za mifumo miwili, dunia nzima. Ujumbe wa kutisha kwa skrini nyeusi, watu wakadhani diski imekufa. Faili hazikuwa zimeguswa hata moja. Ilikuwa shida ya mlangoni, ya ruhusa ya kuwaka. Unazima Secure Boot, unaingia, unarekebisha. Jiulize ni laptopu ngapi duniani zilifomatiwa wiki hiyo juu mtu aliona maneno mekundu akaogopa.

Najua majibu yenu, nimeyasikia yote.

Jibu la kwanza: "Mteja mwenyewe anataka tu iwake." Ni kweli, na hapa nawageukia nyinyi wateja. Tunalipa fundi kwa kuwasha, hatumlipi kwa kuokoa. Fundi akikaa saa sita anakopi faili zako, unamwambia amechelewa. Akifomati kwa saa moja unamwambia ni mkali. Tumemfundisha sisi wenyewe kwamba kilicho ndani hakina bei. Kwa mekanika pale Grogan huwezi kuambiwa gari haiwaki kwa hivyo tutoe viti, buti na mizigo tuchome. Utamshika shati. Lakini laptopu ikirudi tupu, tunasema "si angalau inafanya kazi."

Jibu la pili: "Angekuwa na bekapu." Hii inaniudhi kuliko zote, juu inatoka kwa watu ambao walikuwa na nafasi ya kuokoa na hawakuokoa. Ndiyo, angekuwa na bekapu. Na yule aliyeungukiwa na nyumba angekuwa na bima. Hiyo haimpi zimamoto ruhusa ya kukaa chini. Na mnajua maisha ya huku. Mtu ameshindana na rent, fare na bando. Diski ya nje ya terabaiti moja ni bei ya kodi ya mtu wa bedsitter. Bekapu ni wajibu, nitaisema hapo chini, lakini kukosa bekapu si hukumu ya kifo.

Jibu la tatu: "Linux ndiyo mbaya, mngeachana nayo." Hapana. Linux ndiyo ina vifaa vya kuokoa, na ni vya bure. TestDisk inatafuta patisheni zilizopotea na kuandika daftari upya. Ndugu yake PhotoRec haijali daftari kabisa: inapita diski nzima ikitafuta alama za mwanzo wa faili, kama mtu anayegonga kila mlango wa ploti akiuliza nani yuko ndani. Picha ya JPEG ina alama yake, PDF ina yake, faili ya Word ina yake. Zote mbili zimeandikwa na Mfaransa anaitwa Christophe Grenier, na hazikuombi hata shilingi. Kuna pia ddrescue ya GNU, ya kunakili diski inayokufa, sekta baada ya sekta, ikiruka palipooza na kurudi baadaye. Hizi zote unaziendesha kutoka kwa flashi. Fundi mwenye flashi ya Windows peke yake mfukoni ni kama daktari mwenye msumeno peke yake kwa mkoba.

Na kuna wale wa video za dakika mbili, "weka Linux kando ya Windows, rahisi sana, nifuate kwa mengine". Nyinyi pia mna kesi ya kujibu. Kwa ile skrini ya kusakinisha kuna chaguo mbili zinazokaa jirani: weka kando ya Windows, ama futa diski yote. Moja ni kukaribisha mgeni, nyingine ni kubomoa ploti. Ukipita hapo kwa kasi mara mbili huku muziki ukipiga, umempeleka mtu kwa ukingo wa shimo ukamwacha. Na ukisahau kumwambia achaji betri kwanza, ni mbaya pia. Kupunguza patisheni ya Windows kunahamisha faili moja moja. Stima ikipotea katikati na betri ya mtumba inashika dakika nne, hapo ndipo balaa halisi. Tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima iliingia giza. Huku kwetu hatuhitaji nchi nzima, transfoma moja ya Kayole inatosha.

Sasa, kulalamika bila kusema la kufanya ni kelele. Hii ndiyo naita heshima ya diski. Iwe kanuni ya kila fundi na kila saiba.

Moja: mashine ikikataa kuwaka, zima. Usijaribu mara kumi, usisakinishe kitu juu ya kitu. Kila kinachoandikwa kinaweza kuketi juu ya faili.

Mbili: washa kwa Linux ya kwenye flashi, kwa lile chaguo la kujaribu bila kusakinisha. Angalia tu. Usiandike. Kesi nyingi zinaishia hapa, juu diski inaonekana, faili zinaonekana, kilichovunjika ni mlango peke yake. Linux ikikwambia diski ya Windows inasomeka tu na haiandikiki, usiilazimishe. Mara nyingi ni kwa sababu Windows haikuzimwa kabisa, ililala. Kusoma kunatosha. Kopi, toka.

Tatu: ikikuomba ufunguo wa BitLocker, diski imefungwa kwa siri. Hapo TestDisk haitakusaidia. Unahitaji tarakimu 48, na kwa wengi zimehifadhiwa kwa akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine. Itafute hata kwa simu. Ukishafomati, hizo tarakimu hazina kazi tena.

Nne: patisheni ikiwa haionekani, nakili diski nzima kwanza kwa diski nyingine, kisha fanyia kazi nakala. TestDisk ianze. Ikishindwa, PhotoRec. Na unachookoa kiende kwa diski tofauti. Kuokoa faili na kuziandika juu ya diski ile ile ni kuchota maji kwa mtungi uliotoboka.

Tano, na hii ni ya ukweli: mwambie mteja mapema kinachowezekana. PhotoRec hairudishi majina wala mafolda. Utapata maelfu ya faili zenye majina ya namba, na utakaa usiku kucha ukichambua. Na kama ni SSD iliyofomatiwa, mwambie huenda hakuna kitu. Bora ukweli wa bure kuliko matumaini ya kulipia.

Sita: usifomati mashine ya mtu bila yeye kusema, kwa mdomo wake ama kwa maandishi, "najua kila kitu kitafutika, nimekubali." Swali moja tu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ikieleza maana ya uvunjaji wa usalama wa data binafsi, haihesabu wizi peke yake. Inahesabu pia kupotea na kuharibiwa. Sisemi mkimbilie kortini juu ya laptopu. Nasema hata Bunge liliona kwamba kuharibu data ya mtu ni dhara, sasa sisi tunaona nini?

Na fundi alipwe kwa hiyo kazi. Kuwe na bei ya kuangalia, bei ya kuokoa, na bei ya kuweka upya, zimeandikwa ukutani. Mteja akitaka ya tatu peke yake, sawa, amechagua. Leo hachagui, anachaguliwa.

Kwa upande wetu wateja, tupange vile tunavyojua kupanga. Sisi ni watu wa chama. Tunachanga kwa matanga, tunachanga kwa harusi, tunachanga kwa viti vya plastiki. Watu wanne wa ghorofa moja hawashindwi kuchanga diski moja ya nje, ikae kwa mmoja, izunguke kila mwisho wa mwezi, kila mtu na folda yake yenye nenosiri. Kabla ya kuguswa patisheni yoyote, diski inaitwa kwanza. Na ile ripoti ya chuo, jitumie kwa barua pepe kila Ijumaa. Hiyo haina gharama ya maana.

Hebu pia tujue cha kuokoa kwanza. Cheti cha PIN ya KRA utakipakua tena kwa iTax. Filamu utaipata tena, tunajua wapi. Lakini sauti ya marehemu nyanya akiongea lugha ya nyumbani, hesabu za kiosk cha mathe za miaka mitatu, mahojiano ya utafiti, biti ambazo jamaa ametengeneza usiku kwa keja akitumia vichwa vya sikio vya mia tatu, hizo hazina sava mahali popote. Umoja ndiko Ethic walitoka na "Lamba Lolo" mwaka 2018. Historia ya huku haiandikwi na watu wa makumbusho. Iko kwa laptopu za mitumba, kwa diski za gigabaiti 256, chini ya kitanda, kwa begi la shule. Kila fomati ya haraka haraka inachoma ukurasa wake na hatutajua hata ulikuwa umeandikwa nini.

Kwa hivyo fundi wangu, nakuheshimu, kazi yako ni ngumu na mtaa unakutegemea. Lakini kesho mtu akikuletea mashine isiyowaka, acha ile flashi ya Windows mfukoni dakika tano tu. Muulize: "Ndani kuna nini?" Kisha nyamaza, umsikize.